Sindano na kichwa

Tangu enzi za gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, kile kinachogusa santuri tumekiita sindano. Jina lilikuwa sahihi: ilikuwa pini ya chuma, ikichomolewa na kutupwa baada ya kupigwa mara chache tu.

Leo neno hilo linampoteza mnunuzi. Anayeulizia “sindano nzuri” kwa kweli anataka kifaa kizima kinachofungwa mwisho wa mkono wa mashine: almasi ndogo, kijiti kinachoishika, koili na sumaku. Kifaa hicho tukiite kichwa, na sindano libaki jina la almasi peke yake.

Tofauti hii ni ya fedha. Katika vichwa vingi vya sumaku inayocheza, sindano ikiisha huchomolewa, ikawekwa mpya. Katika vichwa vya koili inayocheza, kama SPU ya Ortofon ya Denmark iliyotoka 1959, au DL-103 ya Denon ya Japani, koili hushikamana na kijiti chenyewe. Sindano ikiisha, kwa kawaida kichwa kizima hurudishwa kwa mtengenezaji au hubadilishwa. Tena umeme wa vichwa hivi vya koili ni hafifu: DL-103 hutoa takriban milivolti 0.3, ilhali vichwa vya sumaku inayocheza hutoa kama 3 hadi 5.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kichwa ghali, hakikisha amplifaya yako inaweza kuukuza umeme huo, na uzito wa mkono unakifaa. Usiulize “sindano gani?” Uliza “kichwa gani, kwa mkono gani?”