htop

Programu ya Linux inayoonyesha kwa maandishi matupu michakato inayoendelea ndani ya kompyuta. Mbrazili Hisham Muhammad aliitoa mwaka 2004, akiboresha wazo la top, programu ya William LeFebvre ya mwaka 1984. Thamani yake huonekana kwenye mashine dhaifu. Kompyuta kuukuu ya steshenari Bagamoyo inapoganda huku barua ya mteja haijachapwa, Ctrl+Alt+F3 hufungua skrini nyeusi ambako htop hufanya kazi bila kipanya. Hata fundi aliye Dar es Salaam anaweza kuitumia kupitia mtandao wa polepole, maana yanayosafiri ni maandishi tu. F6 hupanga orodha, programu inayokula kumbukumbu ikapanda juu. F9 huizima kwa ishara unayochagua: ya 15 huiomba ifunge shughuli zake, nayo ndiyo ya kuanza nayo, ya 9 huikata papo hapo, na barua isiyohifadhiwa hupotea.