Theluji, Upelelezi na Sauti ya Msimulizi: Filamu za Milimani katika Nchi ya Wahaya

Filamu ya upelelezi huanza na uhalifu uliotendeka kwa siri, kisha humfuata mtu anayemsaka mhalifu kwa kuunganisha dalili, na miongoni mwa mandhari zote zilizotumiwa na filamu za aina hiyo, mlima wenye theluji ni mojawapo ya zilizoifaa zaidi. Theluji nzito huziba njia, waliomo wasitoke na walio nje wasiingie, hivi kwamba muuaji hana budi kuwa miongoni mwa waliokwama. Tena huhifadhi nyayo, damu na hata mwili wa marehemu kwa muda ambao udongo wa kawaida usingeweza. Agatha Christie aliitumia sifa ya kwanza katika riwaya yake ya mwaka 1934 kuhusu mauaji ndani ya treni ya Orient Express iliyokwama thelujini, naye alikuwa na mfano halisi, kwa kuwa treni ya jina hilo ilinaswa na theluji kwa siku kadhaa nchini Uturuki mwaka 1929. Sidney Lumet aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 1974, na Kenneth Branagh alipoirudia mwaka 2017 aliikwamisha treni hiyo juu ya daraja la mlimani baada ya poromoko la theluji.

Sifa ya pili, ile ya theluji kuwa shahidi, ndiyo yenye kina zaidi. Katika filamu ya Kifaransa ya mwaka 2000, Les Rivières pourpres, iliyoongozwa na Mathieu Kassovitz, mpelelezi hupelekwa na dalili iliyoachwa katika maiti moja hadi kwenye barafuto, yaani mto mkubwa wa barafu unaojongea polepole mlimani, na humo hukuta maiti ya pili. Katika Wind River ya mwaka 2017, iliyotungwa na kuongozwa na Taylor Sheridan, mwindaji wa wanyama wakali huko Wyoming, Marekani, huisoma theluji ili kujua msichana aliyekufa alitoka wapi, alikimbia umbali gani bila viatu na baridi ilimuua kwa namna gani.

Ni vema kukumbuka kwamba mantiki hiyo yote ni ngeni kwa mtazamaji wa Kaagya, wa Bukoba au wa Muleba, huku Buhaya, yaani nchi ya Wahaya katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hutenda kinyume kabisa cha theluji, kwa maana huzifuta alama zilizoachwa migombani na njiani kabla ya mtu yeyote kuzifuata. Hata hivyo nchi hii haiko mbali sana na theluji ya kweli: kaskazini-magharibi, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, umesimama mlima Rwenzori wenye kimo cha mita 5,109, na mashariki kuna Kilimanjaro, ambao ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake tangu mwaka 1912 hadi mwanzoni mwa karne hii. Kilimanjaro una hata fumbo lake: mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alikuta mzoga wa chui ulioganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, na swali la alichokuwa akikitafuta mnyama huyo kule juu likaingia katika hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, kisha katika filamu ya Henry King ya mwaka 1952. Filamu hiyo hulitaja fumbo la chui mwanzoni kabisa, lakini haimleti mpelelezi wa kulifumbua, na sehemu kubwa yake ilipigwa mbali na mlima wenyewe.

Filamu za namna hii zilipata njia pana zaidi ya kuingia vijijini kwa mikanda ya video. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na kwa watu wengi picha za ng'ambo zilionekana katika vibanda vya video, vyumba vya mabati au matete vyenye mabenchi, runinga moja na deki, ambavyo vijana waliviita vibanda umiza. Mkoa wa Kagera ulikuwa na hali ya pekee, kwa sababu umeme wake ulitoka Uganda kwa miaka mingi, na jirani huyohuyo ndiye aliyekuwa na desturi ya kuzisimulia filamu papo hapo, ambapo mtu mwenye kipaza sauti hupunguza sauti ya filamu na kuyageuza mazungumzo yake kuwa Kiganda. Kiganda hakikuwa lugha ngeni huku: wamisionari walikitumia sana katika kanisa na shule za Buhaya tangu mwisho wa karne ya 19. Upande wa Tanzania sanaa hiyo ikapata Kiswahili chake, na aliyeipa sifa kubwa ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya mikanda na kuuzwa mbali na mahali alipokuwa akisimulia.

Kazi ya msimulizi huyo ilikuwa zaidi ya kutafsiri. Ilimpasa kumtambulisha stelingi, yaani shujaa wa picha, na kumtenga na adui. Ilimpasa pia kuyaziba mapengo ya maarifa, ili mtazamaji ambaye hajawahi kukanyaga theluji aelewe kwa nini mtu aliyelala nje usiku mmoja amekufa bila kuguswa, au kwa nini mstari wa nyayo unaokatika ghafla unatisha kuliko bunduki. Hapo ndipo filamu ya upelelezi humjaribu msimulizi kuliko filamu ya mapigano, kwa kuwa ngumi hujieleza zenyewe ilhali dalili haijielezi, na msimulizi akiifichua mapema huiua hadithi yote. Buhaya palikuwa na masikio yaliyokwisha kufunzwa kwa kazi hiyo. Waimbaji wa enanga, zeze la ubao ambalo kwalo husimuliwa tendi za kale, walizoea kubeba sauti za wahusika wengi kinywani mwa mtu mmoja na kulichelewesha tukio hadi wasikilizaji waliposhindwa kuvumilia, kama utafiti wa M. M. Mulokozi juu ya tendi hizo ulivyoonyesha. Na ingawa hakuna ulazima wa kudai kwamba kibanda cha video kilizaliwa na enanga, haki inataka viwili hivyo vitajwe katika historia moja ya usimulizi.

Kiswahili chenyewe kilikuwa na mpelelezi wake zamani. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyoshinda shindano la uandishi na kuchapishwa mwaka 1960, aliundwa kwa kielelezo cha Sherlock Holmes, na visa vyake vimewekwa katika mazingira ya kisiwani kama Zanzibar. Chaguo hilo lina mantiki, kwa sababu bahari hufanya kazi ileile ya kuwafungia watu ambayo theluji huifanya kwingineko. Wilaya ya Muleba ina visiwa vyake, Bumbire, Ikuza na Goziba miongoni mwake, ambako dhoruba ya Ziwa Viktoria huweza kuwakatia watu safari, na kisiwa cha Bumbire kina historia nzito tangu mapigano ya msafiri Henry Morton Stanley na wenyeji wake mwaka 1875. Mtunzi wa filamu wa Kagera hahitaji kuazima theluji ya Alps ili kupata mahali palipofungwa.

Katika kuihifadhi historia hiyo ya usimulizi, lililo la haraka zaidi ni mikanda ya video yenyewe. Utepe wa sumaku huharibika kwa unyevu, na Bukoba ni mji wa unyevu. Wenye vibanda wa zamani, familia za wasimulizi, makumbusho ya mkoa na vyuo vya sanaa nchini wanaombwa kuitafuta mikanda iliyobaki yenye sauti za wasimulizi hao, kuinakili na kuandika ni nani aliyesimulia, katika lugha gani, na katika kijiji gani ilionyeshwa.