Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Namna Anavyojifunza

Kila mwaka matokeo yanapotoka, kuna wanafunzi wanaoambiwa warudie mwaka, ingawa walikesha wakisoma. Kwa jamaa iliyouza mbuzi au kipande cha shamba ili kulipa masomo, hilo ni pigo zito. Mara nyingi tunasema mtoto ni mvivu au hana akili. Lakini kuna jambo lingine la kuchunguza: namna anavyosoma.

Njia mbili za kusoma

Mwaka 1976, Ference Marton na Roger Säljö wa Chuo Kikuu cha Göteborg, nchini Uswidi, waliwapa wanafunzi maandishi wayasome. Kisha waliwauliza yanasema nini, na waliyasoma vipi. Wengine walikuwa wametafuta maana: mwandishi anataka kusema nini, na mawazo yake yanaunganaje? Wengine walijaribu kukariri maneno, wakifikiria maswali watakayoulizwa. Hao hawakushika jambo kuu la maandishi.

Njia hizo mtu hazaliwi nazo. Mwanafunzi yule yule anaweza kutafuta maana katika somo moja na kukariri katika lingine. Mtihani unaodai maneno ya silabusi yarudishwe jinsi yalivyo humsukuma akariri. Kwa hiyo walimu nao wana sehemu yao.

Kujiongoza katika masomo

Barry Zimmerman, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba mwanafunzi anayejiongoza hupitia hatua tatu. Kabla ya kusoma, hupanga lengo na njia. Anaposoma, hujichunguza kama anaelewa. Baada ya hapo, hupima matokeo na kubadili njia iliyoshindwa. Kisha huanza tena.

Kujua na kudhani unajua

Kujipima kuna mtego wake. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University, mjini St. Louis, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi. Habari moja ilisomwa mara mbili. Nyingine ilisomwa mara moja, kisha wanafunzi wakaandika waliyokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, iliyosomwa mara mbili ilikumbukwa zaidi: asilimia 81 kwa 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: asilimia 42 tu kwa iliyosomwa mara mbili, na 56 kwa ile waliyojipima nayo.

Ndiyo sababu kurudia-rudia silabusi usiku wa kuamkia mtihani kunadanganya. Macho yanazoea maneno, na mtu anadhani anajua.

Mambo ya kufanya

- Baada ya kila sehemu, funga daftari, andika unayokumbuka, kisha fungua usahihishe.
- Rudia somo baada ya siku mbili, tena baada ya juma moja. Usilimbikize yote mwishoni.
- Mweleze mwenzako somo kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili ikiwa limefundishwa kwa Kifaransa. Unapokwama, hapo ndipo hujaelewa.
- Karatasi ya mtihani ikirudishwa, tafuta sababu ya kila kosa kabla ya kuiweka kando.

Mengi ya haya hayahitaji mashine wala umeme wa usiku kucha. Na mzazi ambaye hakusoma anaweza kusaidia. Badala ya kuuliza tu, "Umepata ngapi?", amwambie mtoto wake: "Kaa hapa, unieleze ulichojifunza leo." Akiweza kumweleza mama yake hadi aelewe, ameanza kulijua somo.