Tarikhi ya Mizani ya Hewa na Petroli

Injini ya pikipiki ya mbio inapozunguka mara 12,000 kwa dakika, kila silinda yake huvuta pumzi mara 100 kwa sekunde, na kila pumzi haina budi kupewa petroli kwa kipimo chake, bila nakisi wala ziada, kabla cheche ya plagi haijauwasha mchanganyiko na nguvu ikazaliwa. Ilimu ya moto hufundisha kwamba kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote pasipo masalio; lakini nguvu kubwa kabisa hupatikana hewa inapopunguzwa kidogo, karibu na kilo 13 kwa 1. Kipimo cha kwanza hufaa mapafu ya watu wa mji, na cha pili humpendeza mpanda pikipiki. Na katika nafasi hiyo nyembamba iliyo baina ya vipimo viwili ndimo ilimozaliwa kazi ninayokusudia kusimulia tarikhi yake, nayo ni kazi ya fundi anayekirekebisha kipimo cha mafuta kilichowekwa na mwenye kiwanda.

Usuli wa kazi hiyo ni kabureta. Wilhelm Maybach wa Ujerumani, aliyeshirikiana na Gottlieb Daimler katika kuunda pikipiki ya petroli ya mwaka 1885, aliibuni mwaka 1893 kabureta ya kunyunyiza, ambayo ndani yake boya huyazuia mafuta yasifurike, na hewa ipitayo kwa kasi penye koo jembamba huyafyonza kupitia tundu dogo na kuyatawanya mfano wa ukungu. Kwa muda wa karibu miaka 100 chombo hicho kilitawala pikipiki zote za dunia: Waingereza walikijua zaidi kwa jina la Amal, kampuni iliyozaliwa mwaka 1927 kwa kuunganishwa makampuni matatu, Waitaliano kwa jina la Dell'Orto, na Wajapani kwa majina ya Mikuni na Keihin. Tundu lile mafundi huliita jeti, nalo hupigwa namba kwa kadiri ya upana wake. Juu yake huning'inia sindano iliyochongoka, ambayo hupanda kila mpanda pikipiki anapouzungusha mkono wa mafuta, na kwa kupanda kwake hupanua njia. Na kwa mwendo mdogo ipo jeti nyingine, ndogo zaidi, pamoja na skrubu yake.

Mizani ya fundi wa zama hizo ilikuwa jicho na sikio. Aliiendesha pikipiki kwa moto wote, akaizima ghafla, akaifungua plagi ingali ya moto na kuitazama rangi yake: ikiwa nyeupe alijua hewa imezidi na pistoni imo hatarini kuyeyuka, ikiwa nyeusi yenye masizi alijua petroli imezidi na fedha ya mwenyewe inapotea njiani, na ikiwa na rangi ya kahawia aliridhika akanawa mikono. Maarifa hayo hayajafa, kwani fundi wa bodaboda chini ya mwembe, awe Mwanza au Mombasa, angali akiizungusha skrubu ya kabureta robo kwa robo, huku ameinamisha kichwa kuusikiliza mlio, mpaka injini itulie. Aliyemfunza hakumwandikia kitabu. Alisimama kando yake tu, mwaka baada ya mwaka, na ujuzi ukahama kutoka sikio hadi sikio.

Mambo yalianza kugeuka pale serikali zilipoingia katika mizani hii. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha Sheria ya Hewa Safi, na kuanzia pikipiki za mwaka 1978 moshi wa pikipiki mpya nao ukawekewa mipaka. Wenye viwanda, ili watii amri, walipunguza upana wa jeti, wakatengeneza sindano zisizo na ngazi za kuzipandishia, na skrubu ya mwendo mdogo wakaifunika kwa kizibo cha shaba ili mkono wa mtu usiifikie. Sababu ilikuwa njema, wala mwenye insafu hawezi kuilaumu. Lakini mpanda pikipiki aliyaona matokeo yake asubuhi, injini iliyo baridi ilipojikwaa na kukohoa, na barabarani pia, mkono wa mafuta ulipofunguliwa kidogo na pikipiki ikasita kabla ya kuruka mbele. Ndipo yakatokea makampuni yaliyouza dawa ya dosari hiyo, na mashuhuri miongoni mwao ikawa Dynojet ya Marekani, ambayo ndani ya kasha lake mnunuzi alikuta jeti za namba mbalimbali, sindano zenye ngazi, springi, na hata meno ya keekee ya kutobolea. Pikipiki ilipata uhai, ila tundu likishatobolewa halizibiki tena. Kwa hiyo fundi aliyekosea aliacha kosa lake limechorwa ndani ya chuma.

Wakati huohuo kabureta yenyewe ilikuwa imekwisha kupata mrithi. Mwaka 1980 Kawasaki ilitoa Z1000H, iliyonyunyiziwa mafuta kwa nozeli za umeme katika mfumo wenye usuli wa Bosch. Mwaka 1982 ikafuata CX500 Turbo ya Honda, na mwaka 1983 K100 ya BMW. Katika mfumo huo pampu huyasukuma mafuta kwa shinikizo hadi mlango wa nozeli, na kompyuta, ikisha kupata khabari za mizunguko, za hewa na za joto kutoka kwa sensa zake, huamuru nozeli ifunguke kwa muda wa milisekunde chache kisha ifunge. Ducati iliingiza mfumo wa Weber-Marelli katika 851, na mwaka 1990 Raymond Roche wa Ufaransa akatwaa kwa pikipiki ya ukoo huo ubingwa wa dunia wa Superbike. Tangu hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba umeme ni wa pikipiki za safari ndefu tu. Suzuki ikaibadili GSX-R750 mwaka 1998, Yamaha ikaibadili R1 mwaka 2002, na kabla miaka mingi haijapita kabureta ikawa imetoweka katika pikipiki za mbio.

Fundi wa jeti akajikuta amesimama mbele ya mlango uliofungwa. Hapakuwa na skrubu ya kuzungusha wala sindano ya kupandisha. Kipimo cha mafuta kilikuwa kimeandikwa kwa tarakimu ndani ya kijisanduku cheusi, na mwenye kiwanda hakumwachia mtu ufunguo. Wenye Ducati walipata njia mapema, kwa kuing'oa chipu ya kumbukumbu na kuchomeka nyingine iliyoandikwa upya. Lakini kwa pikipiki nyingi za Japani njia hiyo haikuwa nyepesi, na aliyebadilisha bomba la moshi ili injini ipumue vizuri zaidi aliiona injini ikipewa petroli ya hesabu ya zamani kwa hewa ya hesabu mpya.

Jawabu lilikuja katika miaka ya 1990, pale Dynojet ileile iliyouza jeti ilipotoa moduli iliyoiita Power Commander. Na baadaye yakafuata makampuni mengine, kama Dimsport ya Italia na moduli zake za Rapid Bike, na Bazzaz ya Marekani. Shani ya chombo hiki ni unyenyekevu wake, kwani hakiivunji kompyuta ya kiwanda wala hakifuti neno lake hata moja. Hukaa baina ya kompyuta na nozeli kama mkalimani akaavyo baina ya sultani na mgeni: huisikia amri, huitazama hali ya mkono wa mafuta na kasi ya injini, kisha huifikisha amri ikiwa imerefushwa au kufupishwa kidogo. Ikiwa kompyuta imeamuru nozeli ikae wazi kwa milisekunde 4, na jedwali la moduli limeandika 5 kwa mia mahali hapo, nozeli itafungwa baada ya milisekunde 4.2. Jedwali lenyewe, ambalo mafundi huliita ramani, limepangwa vitundu vitundu mfano wa ubao wa bao, safu moja kwa kila mizunguko 250, na nguzo kwa kila kiwango cha mkono wa mafuta tangu sifuri hadi 100 kwa mia. Hivyo injini iendayo kasi sana huwa na vitundu vya kujazwa zaidi ya 500.

Kuifunga moduli si kazi ya nguvu, lakini yataka subira na usafi. Tangi huinuliwa au hutolewa kabisa, kisha hutafutwa viungio vya waya za nozeli, ambavyo katika pikipiki za silinda nne hujificha juu ya injini chini ya kisanduku cha hewa. Kila kiungio hufunguliwa, na ndimi za moduli huingizwa katikati, dume kwa jike, silinda ya kwanza kwa ya kwanza na ya nne kwa ya nne, kwani atakayezichanganya atailisha silinda moja chakula cha nyingine. Waya wa ardhi hupelekwa moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri. Waya mwingine huchukua khabari kutoka sensa ya mkono wa mafuta, na fundi hana budi kuifahamisha moduli ni wapi mkono umefungwa kabisa na ni wapi umefunguliwa kabisa, la sivyo jedwali lote litasomwa kombo. Shungi la waya hulazwa kando ya fremu, mbali na joto la injini na mbali na mahali ambapo usukani huzunguka au tangi hukandamiza. Na moduli yenyewe hubandikwa chini ya kiti cha nyuma, baada ya mahali hapo kupanguswa grisi na vumbi. Nyaya zilizobanwa na tangi ni chanzo cha maradhi mengi ambayo watu huyasingizia chombo.

Hata hivyo, moduli iliyofungwa vema bado ni chombo tupu, mfano wa mizani isiyo na mawe. Makampuni hutoa ramani zilizokwisha kuandikwa kwa kila aina ya pikipiki na kila aina ya bomba la moshi, nazo ni mwanzo mwema. Ila hakuna injini mbili zilizo sawa kabisa, na tofauti ya kichujio cha hewa, ya petroli na ya uchakavu hutosha kuipotosha ramani ya mwenzio. Kwa hiyo fundi mkamilifu huipandisha pikipiki juu ya mashine ya kupimia nguvu, ambayo gurudumu la nyuma hulizungusha pipa lake zito la chuma, na kwa kadiri pipa linavyopata kasi nguvu za injini hujulikana. Ndani ya bomba la moshi huingizwa sensa ya oksijeni yenye upeo mpana, inayomwambia uwiano wa hewa na petroli papo hapo, na yeye hukijaza kitundu kimoja baada ya kingine, akiongeza 3 hapa na kupunguza 2 pale, mpaka mstari wa nguvu ulionyoka uonekane mahali palipokuwa na mabonde. Rangi ya plagi imegeuka kuwa tarakimu. Na ilimu iliyokuwa ikifa na mwenye jicho sasa yaweza kuandikwa, kuhifadhiwa na kurithiwa.

Lakini sheria nayo haikulala. Ulaya iliweka kanuni ya Euro 1 kwa pikipiki mwaka 1999, ikazidi kuikaza hatua kwa hatua hadi Euro 5 mwaka 2020. Na kichujio cha kemikali kilichomo ndani ya bomba, ambacho huugeuza moshi wa sumu kuwa hewa isiyodhuru, hakifanyi kazi barabara ila uwiano ukikaa karibu sana na ule wa 14.7. Sensa ya oksijeni ya kiwanda huulinda uwiano huo wakati wa mwendo wa kawaida, na moduli ikiongeza mafuta, kompyuta huyapunguza tena. Ndiyo maana wengine huing'oa sensa hiyo ili mkalimani asipingwe. Mwaka 2016 kampuni ya Harley-Davidson ilikubali kulipa serikali ya Marekani faini ya dola milioni 12, baada ya kudaiwa kuuza vifaa kama 340,000 vya kurekebisha injini vilivyozidisha moshi kuliko ilivyoruhusiwa, na ikakubali pia kuacha kuviuza. Rai yangu ni kwamba aliyeandika sheria hakumdhulumu fundi. Hewa ni milki ya watu wote, na kipimo kinachomfurahisha mmoja juu ya kiti chake kisiwe moshi wa mtoto aliye kando ya njia. Uwanja wa mashindano ndio mahali pa kutafuta nguvu ya mwisho, na barabarani panatosha injini iliyotulia.

Leo moduli zinaanza kuondoka jukwaani. R6 ya Yamaha ya mwaka 2006 ilikabidhi hata mlango wa hewa kwa umeme, na tangu hapo kompyuta za pikipiki zimepata majukumu mengi ambayo mkalimani wa nozeli hayafikii. Mafundi wamejifunza kuiandika upya kompyuta yenyewe. Njia hiyo ina uwezo mkubwa zaidi, lakini kwa upande mmoja imetuondolea fadhila, kwani moduli ukiichomoa na kuviunganisha viungio vya kiwanda, pikipiki hurudi ilivyozaliwa, na kosa la fundi huondoka pamoja na chombo chake. Ama aliyefuta maandishi ya kompyuta bila kuhifadhi nakala, amerejea katika hatari ya yule aliyetoboa tundu kwa keekee.

Kabureta, jeti, chipu, moduli na kompyuta zimepokezana, na katika zama zote hizo kilichompa fundi haki ya kukigusa kipimo cha mwenye kiwanda ni kupima kwake kabla ya kugusa na baada ya kugusa. Asiyepima hubahatisha kwa mali ya mwenziwe. Basi mwenye pikipiki anayetaka kujua kama ametendewa kwa haki na aombe karatasi mbili za mashine ya kupimia, moja ya kabla na moja ya baada, azilaze mezani pamoja na kuitazama mistari yake. Fundi aliye na amana atazitoa bila kuombwa mara mbili.