Akili Haina Wingi

Katika shule moja ya msingi ya mji wetu, ambayo sitaitaja kwa kuwa walimu wake ni watu wema na kosa si lao, limetundikwa ukutani bango la rangi nyingi, na juu yake, kwa herufi kubwa zisizomwachia mzee wa miwani udhuru wowote, pameandikwa: «Akili Nyingi Nane za Mtoto». Nilikuwa nimefuata ripoti ya mjukuu wangu, nikaisahau ripoti. Nilisimama pale kama mtu aliyekuta chumvi katika kahawa, nikajiuliza ni kamati gani iliyoketi, ikajadili, ikalipana posho, na asitokee hata mjumbe mmoja wa kusema: «Jamani, akili nyingi si ndizo alizonazo mtu mwerevu?»

Sioni haja ya kumchosha msomaji kwa kumweleza nadharia yenyewe, kwani tangu Howard Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard alipoitoa katika kitabu chake cha mwaka 1983, imekwisha kuzunguka dunia kuliko mabaharia wote wa Sur. Itoshe kukumbusha kwamba shabaha yake ilikuwa kuivunja dhana ya kuwa akili ni kitu kimoja kipimwacho kwa kipimo kimoja, kama mchele kwa pishi, hata ikasemwa huyu anayo nyingi na yule anayo kidogo. Badala ya akili moja alihesabu saba, na baadaye akaongeza ya nane, kila moja ikiwa na njia yake ya kukua na ya kudhoofika. Sasa tazama balaa la tafsiri. Jina akili, kama nguo na nyumba, halibadili umbo katika umoja na wingi. Lakini nguo huhesabika, ilhali akili katika kinywa cha Mswahili haihesabiki, na -ingi ikifuata kisichohesabika huonyesha kiasi, si idadi. Maji mengi si maji ya aina nyingi. Kila mama anayemsifu mwanawe husema ana akili nyingi, naye humaanisha hasa lile ambalo Gardner aliandika kitabu kizima kulikanusha, hata ikawa kamati imemrudishia mikononi pishi ileile aliyoitupa baharini.

Tena akili yenyewe ni neno lenye asili nzito. Kwa Waarabu ni ‘aql, na mzizi wake ni kufunga: ‘iqal ni kamba afungwayo ngamia mguuni asipotee, na kwa jina hilohilo huitwa ule ugwe mweusi uzungushwao juu ya kitambaa cha kichwa. Akili, basi, kabla haijawa wepesi wa kufahamu, ilikuwa kizuizi, kitu kimshikacho mtu asiende yatakako matamanio yake. Na nathubutu kudai kwamba maana hiyo haijatutoka, kwani wazee wetu walipomwambia mtoto «kuwa na akili» hawakumtaka ajue hesabu, walimtaka atulie. Neno lifungalo, mtu akitaka kulitumia kwa jambo la kufungua, hana budi kulitafutia mwenzi.

Wapo waliokimbilia akili anuwai. Hawa nawaheshimu kidogo, kwa kuwa anuwai ni wingi wa nau‘, yaani aina, na angalau wametambua kwamba aina zipo, ila neno hilo limechakaa kwa kubandikwa kila mahali, kuanzia bidhaa anuwai za dukani hadi bayoanuwai, nalo hutuambia kuna tofauti bila kutuambia ni tofauti ya namna gani. Wengine wakasema vipaji, au vipawa. Kipaji ni sehemu ya uso iliyo juu ya nyusi kabla hakijawa neema ya Mungu. Kipawa ni kile alichopawa mtu, na kwa mpishi wa zamani ni upawa mdogo wa kifuu. Uzuri wa maneno hayo sina ugomvi nao. Lakini Gardner mwenyewe alilikwepa neno la namna hiyo kwa makusudi, akihoji kwamba ukiuita muziki kipaji, basi na hesabu uiite kipaji, ama zote mbili ziitwe akili. Usimpe mmoja kiti na mwenziwe mkeka.

Ukishuka chini ya bango mambo huzidi. Ile ya kuona maumbo na masafa kwa jicho la moyo imeitwa akili ya nafasi, ambayo kwa yeyote aliyekulia sokoni ni akili ya mtu anayevizia nafasi. Ile ya kuwafahamu wenzako imeitwa akili za watu, kana kwamba mtoto amezikopa. Ile ya kutambua mimea na wanyama imeitwa akili ya maumbile, neno ambalo katika nyumba za pwani halitajwi ovyo mbele ya wakwe. Na ile ya mchezaji na fundi imeitwa akili ya mwili, nayo ndiyo aliyopewa mjukuu wangu katika ripoti, kwa wino mwekundu. Mama yake aliisoma akalia. Alidhani mwalimu amesema mtoto hana ya kichwani.

Neno nililolitoa mimi, zaidi ya miaka 10 iliyopita, katika kikao ambacho kumbukumbu zake zimepotea kwa namna isiyonishangaza, ni mikondo ya akili. Bahari ni moja, lakini nahodha aujuaye mkondo wa Pemba hajaujua wa Mafia, na mkondo mmoja huweza kwenda kwa kasi ubavuni mwa maji yaliyolala. Wala simlazimishi Gardner kuingia chomboni: yeye mwenyewe, mwanzoni mwa kitabu chake, amemweka kijana wa Puluwat, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, afunzwaye unahodha kwa nyota, na kijana wa Kiirani aliyeihifadhi Kurani nzima. Lau angalifika Lamu, angaliwakuta wote wawili katika nyumba moja. Na ushahidi wa mikondo kutotegemeana ni Vissarion Shebalin, mtunzi wa muziki wa Urusi, ambaye kiharusi kilimpokonya usemi, naye akaendelea kutunga hata akaikamilisha simfonia yake ya tano. Mkondo wa lugha umezibwa, wa muziki ungali ukienda.

Mwandishi mmoja, ambaye hunipinga kila mwaka kwa jina jipya, alitaka tuseme tanzu za akili. Tanzu hutoka katika shina, na shina ndilo alilolitetea Charles Spearman mwaka 1904, aliposema kwamba nyuma ya uhodari wote wa mtoto darasani ipo nguvu moja ya jumla. Wanasaikolojia wengi wangali wakishikilia hivyo, na huenda wana haki. Lakini amfasiriye Gardner hawezi kumpandia mti huo mlangoni. Mpinzani huyo, aliposhindwa na hoja ya shina, akaleta kicheko: mkondo, alisema, ni neno la shuleni tayari, darasa la nne mkondo A na mkondo B, na wazazi watachanganyikiwa. Nilimjibu, na namjibu tena, kwamba sijapata kumwona mwindaji aliyepanda juu ya nyumba kumtafuta paa.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: mtoto hatambuliwi mkondo wake kwa karatasi ya maswali, bali huwekewa vitu akaachwa navyo, kama katika mradi wa Spectrum, ulioanzishwa mwaka 1984 na Gardner pamoja na David Feldman wa Chuo Kikuu cha Tufts, ambamo watoto wadogo walipewa mashine ya kusagia nyama waifungue na kuiunga tena, mwalimu akiwatazama. Wala mikondo si mitindo ya kujifunza, ingawa bango limeyachanganya hayo mawili. Gardner amelikana jambo hilo hadharani.

Mwalimu mkuu, kwa hisani yake, aliniruhusu kulisahihisha bango. Nikakata karatasi nyeupe, nikaandika kwa mkono wangu «Mikondo Minane ya Akili», nikaibandika juu ya yale maneno. Kesho yake walifika wazazi watatu kuuliza shule imeongeza mikondo lini, na kama ule wa nane umekwisha kupata madawati. Karatasi ingalipo ukutani. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu ya risasi, katika mabano: si madarasa.