Maji Moto Juu ya Mwembe

Juma hili naanza kwa kuungama kosa. Mwaka 2006 nilichukua matambara, nikayachovya mafuta ya taa, nikayafunga kwenye ncha ya ufito na kuchoma viota vyote vya maji moto vilivyokuwa katika mwembe wa mama. Watoto walikuwa wakiumwa kila walipopanda, nami nilijiona shujaa. Mama hakusema neno. Msimu uliofuata maembe yaliiva yakiwa na mabuu ndani. Yale mafungu aliyozoea kuyapanga barazani, yaliyompatia fedha za sabuni na mafuta ya kupikia, hayakupangwa tena. Hapo ndipo aliponiuliza: "Hivi wale wadudu, mwanangu, walikuwa wanakula nini kule juu?"

Jibu nililikuta katika historia, tena ya zamani sana.

Kitabu cha Kichina kuhusu mimea ya nchi za kusini, ambacho huhesabiwa kuwa cha mwaka 304 na kuhusishwa na Ji Han, kinasimulia kwamba watu wa Jiaozhi, sehemu ambayo leo ni kaskazini mwa Vietnam, waliuza sisimizi wekundu sokoni. Waliwauza pamoja na viota vyao, wakiwa ndani ya mifuko ya ukindu. Wanunuzi walikuwa wenye michungwa, kwa kuwa pasipo sisimizi hao matunda yaliharibiwa na wadudu. Wakulima wa baadaye waliunganisha mti na mti kwa vijiti vya mianzi ili walinzi hao wapite. Hebu fikirini, watu wanapatana bei ya sisimizi miaka 1,700 iliyopita, na mimi nawachoma moto bure!

Sisimizi wale wa Asia ni binamu wa maji moto wetu. Wote hushona majani kwa uzi unaotoka kwa mabuu yao wenyewe, nao huwinda mchana kutwa.

Kwetu sifa zao ziliandikwa kitaalamu huko Zanzibar. Mtaalamu wa wadudu Mwingereza, Michael Way, alichunguza kwa nini minazi ilikuwa ikiangusha vidaka. Mkosaji alikuwa mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza vidaka vichanga. Katika maandishi yake ya mwaka 1953 Way alionyesha kuwa minazi yenye maji moto ilinusurika. Kunguni huyo baadaye alipewa jina la kisayansi lenye jina la Way ndani yake. Maji moto waliofanya kazi hawakupewa kitu.

Nisionekane nawapamba mno. Maji moto huwatunza vidugamba, wadudu wanaofyonza utomvu, kwa sababu wanapenda majimaji yao matamu. Wala sidai kuwa moto wangu peke yake ndio uliomkosesha mama maembe. Mwaka 2003 inzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya, kisha akaenea upesi Afrika. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2007 kutoka Benin ulionyesha kuwa miembe yenye maji moto wengi iliharibiwa kidogo zaidi na inzi wa matunda. Hata harufu wanayoiacha juu ya tunda humfanya inzi asite kutaga.

Kwa mwenye uwanja mdogo mjini, gharama yake ni kamba na gunia. Viota hukatwa alfajiri, wakati wa baridi, vyote kutoka kundi moja, maana makundi mawili yakikutana ni vita. Hufungwa kwenye matawi ya mti mpya, na kamba huvutwa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Maembe yaliyoanguka yasiachwe chini yakioza. Yafukiwe katika shimo la nusu mita, la sivyo mabuu yatatoka yakiwa inzi. Na anayechuma ajipake majivu mikononi, hataumwa sana.

Nilivileta viota vitano kutoka shamba la jirani, nikiwa nimevaa mikono mirefu na soksi juu ya suruali. Mama alikaa barazani akinitazama, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akaniambia niangalie kamba, kwani wameanza kuvuka.