Nyimbo Mpya za Zamani

Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja uliokunjwa mara mbili, nami niliombwa niipitie tu kuona kama kuna herufi zilizokosewa. Mgeni kutoka Marekani alikuwa anakuja Bagamoyo kupiga banjo jioni moja kwenye ua wa shule, na wenyeji wake walikuwa wamekwisha kutafsiri orodha ya nyimbo zake kwa Kiswahili. Herufi zilikuwa sawasawa. Kilichonisimamisha ni kichwa cha sehemu ya pili: "Nyimbo mpya za zamani."

Nikaelewa mara moja kilichotokea. Kwa Kiingereza zipo nyimbo fupi za kuchekesha, zenye chura anayeoa, nyumbu mkaidi na bibi anayemeza nzi, na jina la aina hiyo ya wimbo limejengwa juu ya neno lenye maana ya upya. Upya huo hausemi kwamba wimbo umetungwa jana. Ni upya wa kitu ambacho macho hayajakizoea, kitu cha kumfanya mpita njia asimame. Kampuni za santuri za miaka ya 1920 zililitumia jina hilo kwenye orodha zao za mauzo, likashika, na nyimbo zikaendelea kuitwa mpya hata zilipofikisha miaka mia. Aliyetafsiri alichukua maana ya kwanza aliyoikuta kwenye kamusi. Nikaomba siku tatu kabla karatasi haijaenda kuchapwa.

Nilianza na ala, kwa sababu "banjo" ni neno lililosafiri sana. Hans Sloane, tabibu mzaliwa wa Ireland aliyekaa Jamaika kati ya 1687 na 1689, alichapisha mwaka 1707 kitabu chenye picha za ala walizotengeneza watumwa wa Kiafrika: kibuyu, ngozi, shingo ya mti na nyuzi. Thomas Jefferson, aliyemiliki watumwa huko Virginia, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba ala yao ni "banjar", na kwamba waliileta kutoka Afrika. Kuna wanaolifuata neno hilo hadi "mbanza" ya Kimbundu, lugha ya Angola ambayo ni ya Kibantu kama hii yetu. Hapo masikio yalinisimama. Mbanza, ubanzi, kibanzi! Ubanzi ni kipande chembamba cha mti, na kibanzi tunakijua sote kutoka Injili, kile kilichomo jichoni mwa ndugu. Nikaona karibu nimeshika uzi wa kutoka Luanda hadi Lamu. Kisha nikaliacha wazo hilo, maana kufanana kwa sauti peke yake hakufanyi undugu, na kulikuwa na undugu mwingine ulio wazi zaidi.

Undugu huo ni ngozi. Banjo ni ngoma iliyotiwa shingo. Mwili wake ni duara lililowambwa, na kitenzi chetu "kuwamba" kinauelezea vizuri: ngozi inavutwa, inakazwa, inakauka, inalia. Watu wa pwani tulikwisha kuwa na ala ya namna hiyo. Gambusi, iliyotujia kutoka Yemeni, nayo ina tumbo lililowambwa ngozi, tofauti na udi ambao uso wake ni ubao. Kwa Wajola wa Senegali, Gambia na Guinea-Bissau kuna akonting, yenye kibuyu, ngozi ya mbuzi na nyuzi tatu. Mmoja kati ya nyuzi hizo ni mfupi, wa kidole gumba. Mgambia Daniel Laemouahuma Jatta ametumia miaka mingi kuwaonyesha wanamuziki wa Marekani kwamba mkono unaopiga akonting unashuka vilevile kama ule wa wapiga banjo wa kizamani wa milimani kwao.

Mkono huo nilitaka kuuona kwa karibu, kwa hiyo mgeni alipofika nilimwomba apige polepole. Mkono wa kulia ulikunjwa kama wa mtu anayebisha hodi. Ukucha wa kidole cha kati ukashuka juu ya uzi, ukaupiga kwenda chini. Kisha mkono mzima ukapitia nyuzi kadhaa kwa pamoja, na ulipoinuka kidole gumba, kilichokuwa kimeegemea uzi wa tano, kikauachia. Uzi huo wa tano ni mfupi. Kigingi chake kimechomekwa ubavuni mwa shingo, mbali na vingine. Haukanyagwi na vidole vya mkono wa kushoto, hivyo hulia sauti ileile tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, kama mtoto anayerudia neno moja wazee wakizungumza. Wenyewe hufundishana pigo hilo kwa kusema "bam-diti, bam-diti", na mtindo wameupa jina la nyundo ya kung'olea misumari, kwa sababu mkono uliokunjwa unafanana na makucha ya nyundo ile.

Sasa tazameni Kiswahili kilivyokuwa tayari kwa jambo hili. Wanafunzi wangu siku hizi huandika "kucheza gitaa", na mimi hukata kila ninapoiona. Mpira huchezwa, karata huchezwa, ngoma huchezwa na mwenye kiuno, lakini ala hupigwa. Nimelisema hilo kwa miaka kama kanuni ya sarufi. Nilipoona ukucha ukishuka juu ya uzi ndipo nilipolielewa kwa mwili: anapiga kweli, kama anayepiga ngoma, kwa sababu ni ngoma. Kiingereza kina vitenzi vya kuchezea, vya kudonoa na vya kukwanyua nyuzi. Sisi tunacho kimoja, na kwa ala hii kimepatia.

Hata hivyo yupo mpigaji mmoja aliyenilazimisha kukirudisha kile kitenzi kingine. David Harrison Macon, aliyejulikana kote kama Uncle Dave, alizaliwa Tennessee mwaka 1870. Wazazi wake waliendesha hoteli mjini Nashville, na wasanii wa sarakasi walikuwa wakifikia hapo. Kijana akajifunza banjo kwa mmoja wao. Alipokuwa mtu mzima alikuwa mchukuzi, akisafirisha mizigo kwa magari ya kukokotwa na nyumbu, hadi malori yalipoingia na kumnyang'anya kazi. Alirekodi kwa mara ya kwanza New York mwaka 1924, akiwa na miaka 53, umri ambao wengi huanza kuhesabu siku za kustaafu. Muda mfupi baadaye akawa nyota wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, mwenye meno ya dhahabu, kizibao na kofia. Aliizungusha banjo hewani, akaipepea kwa kofia, akaipitisha chini ya miguu, akapiga sakafu kwa viatu, na katikati ya ubeti akapaza sauti kuhadithia kisa. Huyo alipiga banjo, na pia aliichezea. Tofauti ya "kucheza" na "kuchezea" ni silabi moja tu, na inatosha kabisa kueleza jukwaa lake.

Nyimbo zake nyingi zilikuwa za aina ile iliyonipa kazi. Niziiteje? "Nyimbo za kuchekesha" lilikuwa jibu la haraka, nami nililiandika kwa penseli. Lakini kuchekesha ni lengo la mwimbaji, wala halisemi kilichomo ndani ya wimbo. "Mzaha" unahitaji mtu wa kufanyiwa mzaha. "Utani" una watu wake na mipaka yake. Mngoni na Msukuma hawajifunzi utani kwenye santuri. "Kituko" kilinivuta, ila kituko hutendwa na mtu fulani, siku fulani, tena mara nyingi kwa aibu. Siku ya pili, nikiwa naosha vyombo, neno likaja lenyewe: kioja. Kioja ni jambo lisilo la kawaida, la kushangaza, ambalo mtu akiliona huita wengine waje kuliona. Linaweza kuchekesha, linaweza kutisha kidogo, na likisimuliwa miaka hamsini baadaye bado ni kioja. Wakenya wamelilea neno hilo kwenye televisheni kwa kipindi cha Vioja Mahakamani, hivyo halihitaji kuelezwa kwa yeyote. Chura akivaa upanga kwenda kuposa panya, hicho ni kioja. Ule upya ambao Kiingereza kiliutaka umo humo, bila kugombana na uzee wa wimbo.

"Za kioja" au "za vioja"? Nikachagua vioja, kwa sababu hakuna wimbo wa aina hii unaotosheka na kimoja.

Lakini neno zuri linaweza kufunika uchafu, na hapa ni lazima niseme wazi. Sehemu kubwa ya nyimbo za kuchekesha za banjo ilipita kwenye jukwaa la wazungu waliojipaka masizi usoni. Joel Walker Sweeney wa Virginia alijifunza ala hii kwa watumwa wa Kiafrika, akaipeleka jukwaani akiwa amejipaka weusi. Mwaka 1843 kundi la Virginia Minstrels lilianza maonyesho yake New York kwa namna hiyohiyo, na mtindo ukaenea nchi nzima na kuvuka bahari. Mtu mweusi akaibiwa ala, kisha akafanywa kichekesho kwa ala yake mwenyewe. Hata "Uncle" lilikuwa neno ambalo wazungu wa Kusini walimwitia mzee mweusi ili wasimpe heshima ya "Bwana". Nyimbo za namna hiyo sikubali ziitwe vioja. Kiswahili kina "dhihaka" na kina "kejeli", na yapo ili tuseme ukweli yanapohitajika. Ndiyo maana nawaheshimu sana Rhiannon Giddens na Dom Flemons, waliokuwa pamoja katika Carolina Chocolate Drops, kundi lililozaliwa baada ya mkutano wa wapiga banjo weusi huko Boone, North Carolina, mwaka 2005. Walikaa miguuni pa mzee Joe Thompson, mpiga fidla mweusi, wakajifunza, na vichekesho vya zamani vikarudi vinywani mwa watu waliokuwa wamenyang'anywa. Nilimwuliza mgeni wetu kuhusu kila wimbo kwenye orodha yake. Mmoja aliufuta mwenyewe, nami nikamwomba aufute wa pili. Akakubali bila neno.

Wimbo uliobaki mbele ya orodha ni ule wa chura na panya. Ni wimbo mkongwe hasa: kitabu cha Kiskoti cha mwaka 1549 kinautaja, na mwaka 1580 harusi ya chura na panya iliandikishwa London kwenye daftari la wachapaji. Chubby Parker, mpiga banjo wa redio huko Chicago, aliurekodi mwaka 1928 kwa mlolongo wa sauti zisizo na maana baada ya kila mstari, na Harry Smith akauingiza kwenye mkusanyo wake maarufu wa nyimbo 84 za kienyeji za Marekani, uliotoka 1952. Smith aliandika muhtasari wa kila wimbo kama kichwa cha habari cha gazeti. Nikaiga mbinu hiyo kwenye karatasi yetu, mstari mmoja kwa kila wimbo, ili watu wajue kisa kabla ya kusikia Kiingereza.

Sauti zile zisizo na maana nazo zilitaka jina. Washairi wetu wana kibwagizo, kiitikio, kipokeo na mkarara, na kwa kawaida tunayachanganya. Jioni ya onyesho yalijitenga yenyewe. Mgeni alipoimba mara ya kwanza, sauti zile zilikuwa kibwagizo: kitu kinachobwagwa mwisho wa mstari, kama mpagazi anavyobwaga mzigo. Ubeti wa tatu watoto wakazishika, wakazirudisha kwa nguvu kuliko yeye, na papo hapo zikawa kiitikio. Sauti hazikubadilika hata moja.

Na "bwaga" huko Bagamoyo si kitenzi cha kawaida. Bwaga moyo: wapo wasemao ni wapagazi wa bara waliotua mzigo na kupumzisha moyo, na wapo wasemao ni watumwa walioacha mioyo yao ufukweni kabla ya kupandishwa jahazini. Mpiga banjo Béla Fleck, aliyezunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali na ala yake mwaka 2005, na hapa kwetu akapiga pamoja na Anania Ngoliga, alilitafsiri jina hilo kwa Kiingereza na kulifanya jina la filamu ya safari yake.

Mwisho wa onyesho, mzee mmoja aliyekuwa amekaa mstari wa mbele alinishika mkono. Alikuwa na karatasi yangu.

"Mwalimu, hapa umeandika: Chura amposa panya, Mjomba Buku aridhia."

"Ndiyo, mzee wangu. Bibi harusi ni panya, na aliyeombwa idhini ni panya mkubwa, buku. Kwao ni 'uncle' wake."

"Upande gani?"

Kiingereza hakisemi upande. Nilimweleza hivyo.

"Basi hawezi kuwa mjomba," akasema taratibu, kama anayemsahihisha mwanawe. "Mjomba haozeshi. Walii hutoka upande wa baba. Huyo ni ami yake."

Nikatoa kalamu, nikakata "Mjomba", nikaandika juu yake "Ami". Akaisoma tena kwa mwanga wa simu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu.